Nilivyofunga pedal ya boost kiunoni ili nimwingize mdogo wangu ukumbini huku napiga gitaa

Wakuu, poleni na majukumu.

Hiki ninachosimulia kimenitokea mwenyewe hapa hapa Mwanza, na mashahidi wapo. Baadhi yao wakipita mbele ya karakana yangu bado wanacheka kwanza ndipo wanasalimia. Sijaongeza kitu. Aibu yenyewe ilikuwa ya kutosha.

Uzi ni wa wapiga gitaa, hasa sisi wa kwaya na sherehe ambao hatuna amplifier, tunachomeka gitaa moja kwa moja kwenye mixer ya spika za ukumbi na kumwomba Mungu. Lakini hata kama hupigi gitaa, kaa usome.

Kwanza mnijue kidogo.

Naitwa Shija. Nachomelea mageti na madirisha Igoma. Ni mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa kidato cha pili. Baada ya msiba ndugu walikaa kikao cha kutugawa: huyu aende Magu, huyu Sengerema, wale wawili wabaki kwa shangazi. Nikasema hapana, hatugawanyiki, naacha shule nitafute kazi. Walidhani ni uchungu tu unaongea, utapita. Msiba ulipoanuliwa nikaenda kuomba kibarua cha kupiga msasa vyuma, na mpaka leo nipo kwenye vyuma.

Sisemi haya ili mnionee huruma. Nasema ili mwelewe kwa nini mtu mzima nilihangaika vile na kisanduku chenye ukubwa wa pakiti ya majani ya chai.

Anayenifuata kuzaliwa ni Kabula. Ni nesi. Akapata mchumba, kijana Mhaya, mwalimu, mpole kiasi kwamba mwanzoni nilidhani anaumwa. Mipango ikaenda, send-off ikapangwa ukumbi mmoja kule Buhongwa.

Jioni moja Kabula alikuwa anachambua mchele, akaniambia bila kuinua macho:

"Kaka, siku ile utaniingiza wewe."

Nikasema sawa, hilo mbona linajulikana.

"Na utapiga ule wimbo wa mama."

"Sawa. Niupige kabla ya kukuingiza au baada?"

"Si kabla wala baada. Unaniingiza huku unapiga."

Huo wimbo ni wa Kisukuma, mama alikuwa akiuimba akipepeta mpunga. Hauko popote, sijawahi kumsikia mtu mwingine akiuimba. Niliuhamishia kwenye gitaa mwenyewe miaka ile nilipokuwa najifunza, na wadogo zangu walilala nao usiku mwingi ambao hapakuwa na kingine cha kuwalaza. Kwa hiyo sikuweza kukataa.

Tatizo likawa moja. Ukumbi ule ni mrefu kama kanisa. Mlango uko huku, jukwaa na mixer viko kule mwisho kabisa. Ili nianze kupiga nikiwa mlangoni nahitaji waya wa mita arobaini.

Kabla hamjaniuliza kuhusu wireless: niliazima ya jamaa mmoja. Ilikuwa inakata kila mtu akipita katikati. Na ukumbi wa send-off watu wanapita katikati kuliko soko kuu.

Basi nikaenda mjini nikanunua waya wa mic wa kukatiwa kwa mita, nikaunga jeki za kuchomekea mwenyewe. Mimi ni fundi wa kuunganisha vyuma, jeki mbili zingenishinda nini?

Hazikunishinda. Waya ulifanya kazi. Ila gitaa liliposikika kwenye spika nilidhani kuna mtu amelifunika blanketi. Besi ipo, sauti ya juu imekufa. Ule wimbo unaishi kwenye nyuzi nyembamba, na nyuzi nyembamba zilikuwa zinasikika kama mtu anayekohoa chumba cha pili.

Nikamuuliza Masanja. Masanja ndiye fundi mitambo wa sherehe nyingi ninazopiga, tunajuana miaka, na hajawahi kunijibu swali bila kunitukana kidogo kwanza.

"Shija, waya mrefu unakula sauti," akasema. "Gitaa lako ni dhaifu kama mwenyewe. Linatoa umeme kidogo, ukifika huku umeshachoka. Tafuta buffer."

Nikauliza buffer ni nini.

"Ni kitu cha kulipatia gitaa nguvu lifike mwisho wa safari."

Hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza. Nilisikia "nguvu" nikaacha kusikiliza. Mtu wa kuchomelea ukimtajia nguvu, kichwani anaona moto.

Nikaipata kwa jamaa aliyekuwa anaacha muziki na kuingia biashara ya dagaa. Ni pedal, kisanduku cha chuma chenye kitufe kimoja tu cha kuzungusha juu, na swichi moja ya kukanyaga. Akaniambia ni clean boost, na ndani ina buffer. Nikaileta karakana, nikachomeka kwenye spika kwa waya mfupi, nikasubiri maajabu.

Nikakanyaga.

Sauti ikawa kubwa. Basi. Ni ileile, ila kubwa.

Wakuu, nilihisi nimepigwa. Nimeshazoea kuona watu mtandaoni wanakanyaga pedal gitaa linalia kama pikipiki, lingine linatoa mwangwi kama uko pangoni. Mimi yangu inafanya kazi ambayo hata Masanja anaifanya kwa kidole kwenye mixer. Nikampigia yule jamaa wa dagaa, nikamwambia kitu chako kibovu, hakibadilishi sauti. Akacheka sana, akasema, "Mkuu, hiyo ndiyo kazi yake. Isipobadilisha sauti ndiyo nzima." Akakata simu. Nilibaki nimeishika simu kama mjinga.

Sasa aingie baba mdogo.

Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba. Anaishi Magu, anafuga ng'ombe, ni mtu mzuri na mwenye msimamo. Siku tulipokwenda kufanya mazoezi ukumbini naye alikuwepo, kwa sababu alikuja mapema kukutana na wakwe. Nikamwamkia, shikamoo baba, marahaba mwanangu, na hapo hapo akauliza kwa nini nina gitaa shingoni wakati tunafanya mazoezi ya kumwingiza binti.

Kabula akamweleza.

Baba mdogo akasema, "Mpiga muziki ni mtu wa kukodiwa. Anakula na MC kule nyuma. Mzazi anakaa mbele na wakwe. Shija, chagua uwe nani. Ukiwa mpiga muziki, mimi nitamwingiza, maana ndimi baba aliyebaki."

Kimila hakukosea, lazima niseme ukweli. Baba mdogo ni baba. Ila iliniuma. Huyu binti nimemfundisha mimi kufunga kamba za viatu.

Kabula akasema kwa heshima, "Baba, sikiliza kwanza anavyopiga. Ukisikia utaelewa."

Akakaa kwenye kiti cha mbele, kofia kwenye goti, akasubiri.

Nami nilikuwa nimejipanga. Waya umelala ukumbi mzima kutoka mlangoni hadi jukwaani. Pedal nimeiweka pale pale kwenye mixer, kwa sababu umeme uko pale, soketi iko pale. Na nikaizungusha mpaka mwisho. Nilijiambia: sauti inafika imechoka, basi huku mwisho naipokea kwa nguvu zote.

Nikapiga noti ya kwanza.

Siwezi kuielezea vizuri ile sauti. Kulikuwa na mngurumo kama wa mashine ya kusaga, halafu juu yake likaja lile blanketi langu, sasa likiwa blanketi kubwa sana, halafu spika zikaanza kupiga yowe zenyewe. Wapambaji waliokuwa wakifunga vitambaa wakashuka ngazini. Masanja akarukia mixer kuzima kila kitu.



Baba mdogo akavaa kofia. "Nimechunga ng'ombe tangu sijaota meno ya mbele," akasema. "Hiyo sauti naijua. Huyo ng'ombe amekwama matopeni na ana mimba."

Masanja alicheka mpaka akakaa chini. Kabula naye, bi harusi mtarajiwa, akageukia ukutani mabega yanacheza.

"Mimi nitamwingiza," baba mdogo akamalizia, akatoka nje kununua muwa.

Nikabaki nakunja waya. Na mnajua mita arobaini za waya zinavyokunjwa na mtu mwenye aibu. Haziishi.

Kabula akanisogelea. Akauliza swali la kawaida kabisa, "Kaka, hicho kifaa chako kwa nini kiko mbali na wewe?"

Nikamjibu kwa hekima ya fundi, "Kwa sababu umeme uko huku."

Masanja aliyekuwa bado chini akanyoosha mkono. "Shija, wewe unakaa mlimani. Maji ya ziwa yanafikaje kwako?"

"Kwa pampu."

"Pampu iko juu kwenye tenki lako?"

Nikaendelea kukunja waya.

"Iko chini, kwenye maji," akasema. "Inasukuma. Wewe pampu umeifunga kwenye tenki, halafu unashangaa inanyonya hewa. Buffer inakaa karibu na gitaa, bwana. Waya mrefu unaanzia kwenye buffer. Huku mwisho unachokuza ni sauti iliyokwisha kufa, na takataka zote ilizookota njiani."

Tukajaribu hapo hapo. Pedal ikasogezwa mlangoni kwa msaada wa extension, waya mfupi kutoka kwenye gitaa, kisha ule mrefu. Sikugusa boost kabisa, niliiacha imezimwa, ikafanya kazi buffer peke yake, maana hiyo haihitaji kukanyagwa.

Wakuu, blanketi lilitoka. Nyuzi nyembamba zilifika kule mbele zinang'aa kama zimetoka kuoshwa. Ni waya uleule na gitaa lilelile. Kabula alifunika mdomo kwa mkono.

Nikamfuata baba mdogo nje, nikamkuta na muwa wake. Nikamwomba arudi asikie. Akakataa, akasema masikio yake bado yanalia. Kabula akaja, wakaongea pembeni Kisukuma cha chini chini, mwishowe akanigeukia.

"Haya. Anza kumwingiza wewe. Mimi nitakuwa nimekaa meza kuu. Kama wimbo wa shemeji yangu nausikia mpaka pale nilipo, nitakaa. Nisipousikia nasimama, nakuja kumchukua katikati ya ukumbi, na wewe utaenda kwa MC."

Shemeji yake ni mama yetu. Nikasema sawa, baba.

Hapo likazaliwa tatizo jipya. Pedal inatakiwa kuwa karibu na gitaa, na gitaa linatembea. Siwezi kuisukuma kwa mguu ukumbi mzima kama mtoto anacheza na kopo. Umeme nilimalizana nao, ndani kuna sehemu ya betri ndogo ile ya volti tisa. Kilichobaki ni mahali pa kuifunga, nikaamua ni kiunoni, ndani ya koti.

Nikatengeneza kishikizo mwenyewe. Na mimi ni fundi wa mageti, natengeneza vitu visivyong'oka. Nilikata bamba zito, nikachomelea pembe zote, nikatoboa, nikapaka rangi ya kuzuia kutu. Kilitoka kizuri. Kilitoka pia na uzito ambao nilipokifunga kwenye mkanda na kupiga hatua tatu, suruali ya suti ilianza kuniaga. Mdogo wetu wa mwisho alinipiga picha. Anaitumia kunitisha hadi leo kila akitaka kitu.

Nikaongeza suspenda. Suruali ikatulia. Nilitembea nimeinama upande mmoja kidogo kama mtu mwenye maumivu ya nyonga, lakini ilitulia.

Kwa vile sauti ya buffer ilitosha, boost niliizungusha kidogo tu, nikaiacha imezimwa iwe ya akiba. Sikufikiria zaidi ya hapo. Kumbukeni hili, maana ndipo nilipokosea mara ya mwisho.

Siku ikafika.

Tuko mlangoni. Kabula amependeza siwezi kuandika. Amenishika kwenye kiwiko cha koti, maana mikono yangu yote miwili ina kazi. MC akatutangaza, watu wakasimama, nikaanza.

Ikasikika. Niliisikia ikirudi kutoka kule mbele, safi kabisa. Tukatembea taratibu. Masanja kule mwisho alikuwa akivuta waya kidogo kidogo kama mtu anayekokota nyavu, ili usitutangulie miguuni. Meza kuu nikamwona baba mdogo amekaa, ameinamisha kichwa upande, anasikiliza.

Tukafika katikati.

Sasa, wanawake wa upande wetu walipomwona Kabula kwa karibu, hawakuvumilia. Vigelegele. Shangazi mmoja, halafu meza nzima, halafu upande wote wa kulia. Upande wa wakwe wa Bukoba nao hawakukubali kushindwa, wakajibu. Gitaa langu likazama humo ndani likapotea. Mimi mwenyewe sikulisikia tena.

Nikamtazama Masanja. Akainua mikono, anaogopa kupandisha mixer, anajua yowe la siku ile.

Nikatazama meza kuu. Baba mdogo alikuwa ameshika mikono ya kiti. Akasimama.

Nikakumbuka boost. Iko kiunoni. Swichi yake ni ya kukanyaga kwa mguu, tena ngumu, imetengenezwa kupigwa teke na mwanaume mwenye kiatu. Mikono yangu yote iko kwenye nyuzi, nikitoa mmoja wimbo unakatika. Nilijaribu kiwiko, kikagonga koti. Nilijaribu kujipinda ili nigonge kisanduku kwenye kona ya meza, nikamwagia soda mgeni asiye na hatia. Watu walidhani nacheza, wakashangilia zaidi, vigelegele vikaongezeka.

Baba mdogo akatoka nyuma ya meza. Anakuja.

"Kaka, una nini?" Kabula akaniuliza pembeni ya mdomo, bado anatabasamu kwa ajili ya kamera.

"Boost!" nikasema. "Swichi! Kiunoni!"

Akaingiza mkono ndani ya koti langu, mbele ya wakwe wote. Akapapasa. Akakutana na lile bamba langu, akaguna. Kisha akapata swichi, akaikandamiza kwa dole gumba kwa nguvu za mtu aliyezoea kuzuia damu isitoke.

Ikafanya kazi yake ileile niliyoidharau. Haikuongeza mwangwi wala kulia kama pikipiki. Ulikuwa wimbo wa mama vilevile ulivyo, ila mkubwa. Ukapanda juu ya vigelegele vyote, ukaingia hadi kwenye makona.

Wanawake wa upande wetu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Wakubwa waliomfahamu mama walikuwa wameutambua.

Baba mdogo alisimama pale alipofika, hatua chache mbele yetu. Akavua kofia. Hakurudi nyuma na hakuja mbele. Tulimkuta pale pale, na midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anayajua maneno. Mimi sikujua kwamba anayajua.

MC naye hakuwa na habari ya yote hayo. Akamwona mzee amesimama njiani, akampelekea mic, "Mzee wetu, bila shaka wewe ndiye mzazi wa binti. Karibu uwasalimie wakwe."

Baba mdogo akaipokea mic. Akanitazama kuanzia viatu, waya, hadi lile koti lililovimba.

"Mzazi wake ni huyo mwenye waya," akasema. "Mimi nimekuja kusikiliza."

Nilikosea noti mbili zilizofuata. Masanja anasema ni nne.

Sasa wakuu, nilichojifunza. Kama unapiga kwa waya mfupi nyumbani, buffer hutaiona faida yake, usije ukailaumu kama nilivyomlaumu mtu wa dagaa. Waya ukiwa mrefu, iweke karibu na gitaa, hata kama soketi iko upande wa pili wa dunia. Boost usiizungushe mpaka mwisho kwa hasira. Na kabla ya siku ya tukio jiulize swali ambalo mimi sikujiuliza: nikihitaji kuiwasha, nitaiwasha na nini?

Kuhusu vyuma, bamba jembamba linatosha.

Lile jambo la kuacha shule lilikuwa linanisumbua, nisiwafiche. Nilikuwa naogopa wakwe wataniuliza nimesoma wapi. Baba wa yule kijana alinifuata wakati wa chakula, nikajiandaa kujibu. Akaniuliza kama naweza kumtengenezea geti.

Karibuni mchangie. Wapiga gitaa wa harusini mnaotembea, pedal zenu mnaziweka wapi, na nani anazibonyeza? Mnaojua umeme mnisaidie kama swichi ya kukanyaga inaweza kubadilishwa ikawa ya kidole. Nauliza kwa nia njema kabisa: mdogo wetu wa mwisho ameanza kumtaja kijana fulani wa Mkolani mara nyingi kuliko kawaida, na ameshaniambia kwamba yeye hataingiza mkono kwenye koti la mtu.